Mtoto Anapokataa Uji

Lugha yetu ina maneno mengi ya kumlaumu mtoto asiyetaka kula asubuhi. Huambiwa kwamba ni mteuzi, kwamba anadeka, kwamba ana kinyaa, kwamba amemrithi shangazi yake. Neno la kukilaumu kikombe sijapata kulisikia. Huenda ndiyo sababu habari ya chamshakinywa cha watoto wadogo imekuwa, miaka nenda miaka rudi, habari ya watu wazima kushindana na midomo iliyofumbwa.

Wazee wetu hawakuwa na shida kubwa ya kuchagua. Asubuhi palikuwa na kiporo cha jana, kiazi au muhogo uliobaki chunguni, au palikuwa na uji wa ulezi au wa mtama. Nafaka hizo mbili ni za Afrika tangu asili. Mahindi yalikuja baadaye, baada ya Wareno kufika pwani, na yalichukua karne nyingi kabla ya kuzishinda nyenzake. Chai ndiyo mgeni wa karibu zaidi. Mashamba makubwa yalipoenea Kenya na Tanganyika kuanzia miaka ya 1920, chai ikaanza kushuka kutoka meza ya bwana mkubwa hadi jikoni kwa kila mtu, ikifuatana na sukari na mkate. Nyumba iliyokunywa chai ilihesabiwa kuwa imestaarabika, na uji ukaachiwa wagonjwa na watoto. Mtoto si mjinga. Akiona wakubwa wote wana vikombe vya chai na yeye peke yake ana bakuli la uji, atataka chai. Akipewa, tumbo litajaa maji matamu, naye uji hatautazama tena. Tena majani ya chai yana namna ya kuyazuia madini ya chuma yaliyomo katika chakula yasiingie mwilini, na hayo ndiyo madini anayoyahitaji sana katika umri huo.

Hapo ndipo nguvu inapoanza. Mtoto hulazwa mapajani, hubanwa pua, na uji humiminwa kwa kiganja. Nimeliona jambo hili katika nyumba za watu wema kabisa, na simlaumu mama ambaye jua linachomoza na jembe linamngoja. Lakini kuna mtu aliyewahi kuuliza swali lililo kinyume: je, mtoto akiachiwa mwenyewe, atakula nini?

Mtu huyo alikuwa daktari wa Marekani, Clara Davis. Mwaka 1926, katika mji wa Cleveland, alianza na watoto watatu waliokuwa ndio kwanza wanaachishwa ziwa, kisha akaendelea Chicago hadi wakafika 15. Aina za vyakula zilikuwa 34 kwa jumla: nafaka, matunda, mboga, mayai, nyama, maini, hata uboho wa mifupa, na maziwa freshi na ya mgando. Kila chakula kiliwekwa katika chombo chake. Muuguzi alikaa na kijiko mkononi, asimshawishi mtoto wala asimkataze, mpaka mtoto mwenyewe akinyooshee chombo kidole. Walikula kwa namna ambayo ingemtoa bibi yangu machozi. Kuna aliyefungua kinywa kwa maini na maji ya machungwa, na kuna aliyekula mayai kadhaa na ndizi kwa chakula cha jioni. Hata hivyo wote walinawiri. Mmoja alikuja akiwa na matege. Aliwekewa mafuta ya samaki, akawa anayanywa kwa hiari yake mpaka mifupa ilipopona.

Wengi waliposimuliwa habari hii walidhani imethibitisha kwamba mtoto ana hekima ya kuzaliwa. Davis mwenyewe alikuwa mwangalifu zaidi. Mwaka 1939 alieleza kwamba siri ilikuwa katika orodha: hapakuwa na sukari, hapakuwa na unga uliokobolewa, wala chakula cha kopo. Mtoto alichagua, lakini mtu mzima alikuwa amekwisha kuchagua kabla yake.

Sasa turudi kwetu, ambako mezani hapana vyombo 34 bali kikombe kimoja. Kikombe hicho nacho kina tatizo lake. Unga ukipikwa hunywa maji na kuvimba. Uji mzito humkwama mtoto kooni, naye huukataa. Mama huongeza maji ili upite, na uji mwepesi wa namna hiyo huwa ni maji hasa, unga ukiwa gramu 5 hadi 10 tu katika gramu 100. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Hujaa kabla hajashiba, akafunga mdomo, akaitwa mteuzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoundwa mwaka 1973, walilishughulikia jambo hili kwa kitu ambacho kila kijiji kilikuwa nacho: kimea. Ulezi hulowekwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa na kusagwa. Kijiko kimoja cha unga huo kikikorogwa katika uji mzito uliopoa kidogo, ukabaki na uvuguvugu, uji huo huyeyuka katika muda wa dakika chache mbele ya macho yako, nao ukarudishwa motoni uchemke tena. Hivyo unga waweza kufika gramu 20 katika gramu 100 na mtoto bado akaunywa. Walipenda ulezi kuliko mtama, kwa kuwa machipukizi ya mtama yana sumu na lazima yaondolewe.

Kimea kiliingia pia katika mafunzo ya mradi wa lishe wa Iringa, ulioanza mwaka 1983 katika vijiji 168. Kwa nini basi hakikuenea kila nyumba? Nadhani sababu ya kwanza ni jina. Kimea ni cha pombe, na mama mcha Mungu haweki cha pombe katika kikombe cha mwanawe. Ya pili ni kazi: kuloweka, kuanika, kusaga, siku tatu au nne juu ya kazi nyingine zote. Maarifa yakimwongezea mama mzigo, hata yakiwa mazuri, hukaa kabatini.

Mwenye mtoto wa namna hii ningemwambia aiweke chai mbali mpaka mtoto awe amekwisha kula. Ulezi upikwe na karanga zilizosagwa laini sana. Siku nyingine pawe na kiazi kitamu cha kuchemsha kilichopondwa na maziwa, au yai na ndizi mbivu, au mbaazi za nazi za jana zilizopashwa moto vizuri. Viwekwe viwili mbele yake, si kimoja, halafu mkono wa mtu mzima utulie.