Nani Huipa Shahada Thamani Yake? Vyuo Vichanga vya Afrika Mashariki na Safari ya Kuidhinisha Programu

Muhula uliopita, baada ya kipindi cha fonolojia, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alibaki nyuma wenzake walipotoka. Alisubiri nimalize kufuta ubao, kisha akauliza: "Samahani mwalimu, hii programu yetu imeidhinishwa na nani?" Nilidhani anatania, kumbe sivyo. Kaka yake alikuwa amesoma miaka mitatu katika chuo kimoja ambacho sitakitaja hapa, akafaulu, akavaa joho siku ya mahafali. Alipopeleka cheti kuomba kazi ya ualimu, akaambiwa kwamba programu ile ilianza kufundishwa kabla ya kupata ithibati. Cheti kimo sandukuni hadi leo.

Nilimhakikishia kwamba programu yetu imepita katika ngazi zote zinazotakiwa. Jibu hilo lilikuwa la kweli, ila halikutosha. Sisi walimu wa Kiswahili huwafundisha wanafunzi historia ya lugha, lakini ni nadra kuwafundisha historia ya shahada wanayoisomea. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo, japo kwa ufupi.

Vyuo visivyotoa shahada zao

Tuanze Makerere. Chuo hiki kilianza mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14. Mwaka 1949 kilipandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kishiriki, kikaingia katika uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London. Mpango huo ulitokana na mapendekezo ya Tume ya Asquith ya mwaka 1945, na ulihusu pia Ibadan, Legon na Khartoum.

Uhusiano huo ulikuwa na utaratibu wake. Walimu wa Makerere waliandaa mihtasari ya masomo na kupendekeza marekebisho ili somo lilingane na mazingira ya hapa. London iliyapima mapendekezo hayo na kuyakubali au kuyakataa. Mitihani ilitungwa na kusahihishwa kwa ushirikiano wa walimu wa chuo na watahini wa London. Mwishoni, mhitimu alipewa shahada ya London na si ya Makerere. Utaratibu wa mtahini wa nje tunaoufuata hadi leo ni sehemu ya urithi huo.

Ni rahisi kuulaani mfumo huu kuwa ni ukoloni mtupu, na ukoloni ulikuwemo kweli. Hata hivyo, mzazi wa Masaka au Bukoba aliyemsomesha mwanawe Makerere alijua kwamba shahada ile ingekubalika popote. Chuo kichanga kilikuwa kimeazima jina la chuo kikongwe, na gharama ya kuazima ikawa kwamba uamuzi wa mwisho kuhusu lipi lifundishwe ulifanyika ng'ambo ya bahari.

Si wote waliokubali masharti hayo. Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, kilifunguliwa mwaka 1960 kikiwa na mamlaka ya kutoa shahada zake chenyewe. Hivyo njia nyingine ilikuwepo, ila chuo kilichoifuata kililazimika kujijengea heshima yake tangu siku ya kwanza.

Nyumba ya Mtaa wa Lumumba

Mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifungua milango yake katika jengo la TANU lililoko Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 14. Mkuu wa chuo wa kwanza alikuwa Cranford Pratt. Chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964.

Kwa nini kilianza na sheria? Sababu ni kwamba hapakuwa na kitivo cha sheria Makerere wala Nairobi, na nchi zilizokuwa zikielekea uhuru zilihitaji mahakimu na mawakili. Aliyetaka kuwa wakili alilazimika kwenda Uingereza, akajifunza sheria ambazo nyingine hazikuwa na kazi nyumbani. Kamati iliyoongozwa na Jaji Denning, iliyochunguza mafunzo ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, ilipendekeza mwaka 1961 kianzishwe kitivo Dar es Salaam kwa ajili ya Afrika Mashariki.

Hapa pana funzo kwa yeyote anayeandika andiko la programu mpya. Dar es Salaam hawakuanza kwa kuuliza, "Tuna walimu gani tuwape vipindi?" Walianza na hitaji ambalo kila mtu aliliona, wakahakikisha kwamba jirani hana kitivo cha namna hiyo, kisha wakaanza na wanafunzi wachache waliowamudu. Chuo hicho nacho kilianza chini ya mwavuli wa London, kwa sababu mhitimu asingeweza kusubiri miaka ishirini chuo chake kijulikane.

Shirikisho na mvutano wake

Mwezi Juni 1963 kilizinduliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Julius Nyerere alikuwa Mkuu wa Chuo, na Bernard de Bunsen, aliyekuwa ameiongoza Makerere, alikuwa Makamu Mkuu wa kwanza. Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vikawa vyuo vishiriki vitatu vya chuo kikuu kimoja. Sasa mamlaka ya kutoa shahada yalikuwa yamevuka bahari na kurudi nyumbani: pendekezo la programu liliondoka chuoni likaenda mbele ya Seneti ya pamoja.

Fikra iliyouongoza mpango huo ilikuwa ya busara. Nchi tatu zisizo na fedha nyingi zigawane vitivo vya gharama kubwa. Udaktari na kilimo vilikuwa Makerere, uhandisi, usanifu majengo na tiba ya mifugo vilikuwa Nairobi, na sheria ilikuwa Dar es Salaam. Kijana wa Kisumu angesomea sheria Dar es Salaam, na wa Tabora angesomea udaktari Kampala.

Lakini kila serikali ilihitaji madaktari, wahandisi na mawakili wake, na kwa haraka. Nafasi zilizotengwa hazikutosha, na hakuna waziri aliyependa kusubiri kibali cha majirani ili aanzishe kitivo nyumbani kwake. Dar es Salaam ilikuwa na shule ya udaktari tangu 1963, ambayo mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo kikuu kishiriki. Nairobi ikaanza kufundisha udaktari mwaka 1967. Makerere ikaanzisha idara ya sheria mwaka 1968. Morogoro kikaanzishwa kitivo cha kilimo mwaka 1969. Orodha ya mgawanyo ikawa inafutika mstari baada ya mstari.

Mwezi Julai 1970 shirikisho lilikwisha, na vikazaliwa vyuo vikuu vitatu vya kitaifa. Waandishi wengi hutaja siasa za utaifa kuwa chanzo, na hawakosei. Lakini kwa anayezijua kamati za vyuo, mvutano ulionekana mapema katika swali dogo la kila siku: nani ana haki ya kuanzisha programu gani, na kwa ruhusa ya nani?

Kiswahili kiliingilia mlango gani?

Katika historia hii yote, lugha yetu ilikuwa wapi? Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ilihamia Makerere mwaka 1952 na kukaa huko takriban miaka kumi. Baadaye ilipitia Mombasa, ikafika Dar es Salaam, na mwaka 1964 ikaingizwa katika chuo kikuu kishiriki na kuwa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili. Mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Wilfred Whiteley. Ndiyo taasisi tuliyoizoea kwa jina la TUKI, iliyotupatia Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na ambayo mwaka 2009 iliunganishwa na Idara ya Kiswahili kuwa TATAKI.

Msomaji azingatie tofauti iliyopo hapa. Kamati ya utafiti si programu ya shahada. Kiswahili kilikaa ndani ya uzio wa Makerere kwa muda mrefu kikichunguzwa na kusanifiwa, ilhali London yenyewe ilikuwa ikikifundisha katika Chuo cha Taaluma za Nchi za Mashariki na Afrika, ambako Alice Werner alikuwa miongoni mwa walimu wa mwanzo. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970, mwaka uleule chuo hicho kilipopata mamlaka kamili juu ya shahada zake. Idara hiyo ilifundisha kwa Kiswahili, jambo ambalo wengi walidai haliwezekani katika ngazi ya chuo kikuu. Mimi niliyefunzwa na watu waliosomeshwa na idara hiyo ni ushahidi kwamba liliwezekana.

Kwa hiyo uhuru wa kitaaluma una thamani. Wanaoshika mhuri wakiwa mbali, wanaweza kulipa kisogo somo linalowahusu wenyeji kwa miongo mizima. Wahenga walisema, ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mhuri umehamia wapi?

Baada ya 1970 Seneti ya kila chuo ndiyo iliyokuwa na neno la mwisho. Vyuo vilipoongezeka, vikiwemo vya binafsi, serikali ziliunda vyombo vya kuvisimamia. Kenya iliunda Tume ya Elimu ya Juu mwaka 1985. Tanzania iliunda Baraza la Ithibati mwaka 1995, na nafasi yake ikachukuliwa na TCU mwaka 2005. Uganda ilipata Baraza la Taifa la Elimu ya Juu kwa sheria ya mwaka 2001. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lililopewa jina hilo mwaka 1980 na lenye makao yake Kampala, linajaribu kuvifanya viwango vya nchi zetu vifanane.

Siku hizi andiko la programu huanzia idarani, hupita kwenye bodi ya kitivo, huenda Seneti, kisha hupelekwa kwenye baraza la taifa. Kila ngazi huuliza maswali yaleyale ya London ya 1949: Hitaji liko wapi? Walimu ni akina nani? Vitabu vipo? Nani atautazama mtihani kwa jicho la nje?

Nikiri jambo moja. Nilikuwa katika kamati iliyoandika andiko la programu yetu, na andiko hilo lilirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza tuliambiwa walimu hawatoshi. Mara ya pili tuliulizwa kuhusu vitabu tulivyoviorodhesha, ambavyo havikuwemo maktabani. Nilikasirika. Baadhi yetu tulipendekeza tuanze kufundisha huku tukisubiri, kwa kuwa Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 na shule zinalia kwa uhaba wa walimu. Mkuu wa kitivo, mzee asiyependa makuu, alituuliza swali moja tu: "Wakikataa mara ya tatu, watoto hawa mtawaambia nini?" Tukanyamaza, tukasubiri mwaka mzima. Niliuhesabu mwaka ule kuwa wa hasara, mpaka siku nilipoulizwa swali lile mbele ya ubao.

Tamati

Historia hii haitupi jibu jepesi. Ngazi nyingi zinaweza kulichelewesha somo linalohitajika, kama Kiswahili kilivyocheleweshwa. Kuziruka ngazi nako humtupia mzigo mtu asiyekuwemo kikaoni, yaani mwanafunzi. Walimu wenzangu, tuandike maandiko yetu kwa ukweli, tusiorodheshe vitabu tusivyo navyo wala walimu tusiowaajiri. Nanyi wanafunzi, ulizeni programu yenu iliidhinishwa lini na nani kabla ya kulipa karo. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Binti yule aliuliza akiwa mwaka wa pili, na kwa bahati njema jibu lilikuwepo. Kaka yake hakuuliza, na sisi walimu hatukuwa tumemfundisha mtu yeyote kwamba anayo haki ya kuuliza.