Rejista na Orodha: Asili ya Kazi Waliyoifanya Shangazi Zetu



Ni nyumba chache katika ukoo wetu zisizokuwa na muuguzi. Watoto wanawajua shangazi hao kwa jina moja tu, “sista”, na hudhani kuwa wote walikuwa na cheo kimoja. Haikuwa hivyo, na sababu yake imo katika historia ya kazi yenyewe.

Kumwangalia mgonjwa ni jambo la kale kuliko hospitali. Vitabu vya sira vinamtaja Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, aliyewauguza majeruhi wa Khandaq katika hema lililopigwa msikitini Madina. Na visiwani kwetu wakunga walirithishana ujuzi mama kwa binti. Lakini uuguzi kama kazi yenye shule, mtihani na mshahara, huu tulioukuta sisi, ulijengwa Uingereza katika karne ya 19, na aliyevuma zaidi ni Florence Nightingale. Novemba 1854 alifika Scutari, ng’ambo ya Istanbul, pamoja na wauguzi 38, kuwahudumia askari wa vita vya Crimea. Sifa zake hupambwa kupita kiasi. Vifo vilipungua hasa baada ya tume ya usafi kufika Machi 1855 na kusafisha mifereji ya maji machafu iliyopita chini ya hospitali. Yeye mwenyewe alilishika somo hilo, na usafi wa hewa, maji na nguo akaufanya msingi wa mafundisho yake.

Watu walichanga zaidi ya pauni 44,000 kwa heshima yake, na kwa fedha hizo ikafunguliwa mwaka 1860 shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas’, London. Mafunzo yalikuwa ya mwaka mmoja. Wanafunzi walilala bwenini chini ya jicho la metroni, Bibi Sarah Wardroper, na kila mwezi tabia zao ziliandikwa katika karatasi maalumu: kuwahi, utulivu, unadhifu, uaminifu. (Shangazi zetu waliokuja karne moja baadaye walikuta kucha na kofia zingali zikikaguliwa.)

Kisha ukazuka ubishi mkubwa. Ethel Bedford Fenwick, aliyekuwa metroni wa St Bartholomew’s, aliasisi chama cha wauguzi mwaka 1887 na kudai rejista ya dola, ili asiyesomea kazi hiyo asijiite muuguzi. Nightingale alimpinga, akishikilia kwamba mtihani haupimi tabia. Kwa rai yangu Fenwick ndiye aliyeona mbali, maana tabia njema bila cheti humwacha mfanyakazi mikononi mwa mwajiri. New Zealand ilitangulia kwa sheria ya mwaka 1901. Uingereza ikafuata Desemba 1919, na jina la kwanza kuandikwa katika rejista likawa la Fenwick mwenyewe.

Mwaka 1943, wauguzi walipopungua wakati wa vita, ikatungwa sheria nyingine, na chini ya Rejista ikawekwa Orodha. Wa Rejista walisoma miaka mitatu na kuitwa SRN. Wa Orodha walisoma miwili na hatimaye wakaitwa SEN. Huduma ya afya ya taifa ilipoanza tarehe 5 Julai 1948, hospitali zilihitaji mikono mingi, na mabinti wakaitwa kutoka Ireland, Karibiani, Afrika na Asia. Wengi wao, hata wenye vyeti vya kutosha kuingia Rejista, walielekezwa kwenye Orodha bila ya kuelezwa tofauti.

Shangazi yetu mmoja alikuwa miongoni mwao. Aliondoka Unguja na cheti chake cha sekondari, akapokewa na hospitali moja ambayo sitaitaja, akatia sahihi karatasi aliyopewa. Mwaka wa pili ndipo alipotanabahi kuwa wenzake wa bweni wanasoma vitabu vingine. Na cheti cha SEN hakikutambuliwa katika nchi nyingi nje ya Uingereza. Kurudi nacho ilikuwa sawa na kurudi mikono mitupu. Akabaki, akafanya kazi za usiku miaka mingi, akiwaelekeza kazi vijana ambao baadaye walikuja kuwa wakubwa wake. Mdogo wake, aliyebahatika kupata SRN, alikwenda Oman miaka ya 1970, hospitali mpya zilipokuwa zikifunguliwa, na huko akapokewa kwa cheo chake kamili.

Mafunzo ya Orodha yalifungwa baada ya mageuzi yaliyoanza mwaka 1989, na walio wengi wakapewa nafasi ya kusoma tena ili wapande. Shangazi alisoma, na umri wake umeshapita hamsini, akafaulu. Tangu mwaka 2013 anayeanza kusomea uuguzi Uingereza husomea shahada, kama wafanyavyo wapwa zetu wawili hivi sasa.

Kamati inakusanya vyeti, beji na picha za wauguzi wote wa ukoo, wa Rejista na wa Orodha, pamoja na habari za wakunga waliotangulia. Aliye navyo avilete siku ya pili ya mkutano. Vitanakiliwa hapo hapo na kurejeshwa kwa mwenyewe.