Kutoka Buha hadi Korona

Kwa wazee wa mashamba ya Tanga, korona ni jina la zamani kuliko virusi. Ni mashine ya kuchakata mkonge: jani huingia nene na bichi, hutoka singa, na chini hutiririka maji ya kijani yanayowasha ngozi. Maelfu ya Waha walitoka kwao Buha, Kasulu na Kibondo, kwenda kukata majani hayo. Njia yao ilikuwa Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kuanzia 1944, SILABU, ofisi ya wenye mashamba, ikawaandikisha kwa mikataba. Waliitwa manamba. Jasho lao limehesabiwa kwa tani za singa, na mimi naona hesabu hiyo imeacha nje yale maji.

Thamani ya maji hayo ina kisa kilichoanzia mbali. Mwaka 1855 daktari Thomas Addison wa London alieleza jinsi watu wanavyodhoofika hadi kufa pale zinapoharibika tezi ndogo zilizokaa juu ya figo. Homoni ya tezi hizo ilichelewa kushikika. Septemba 1948, huko Rochester, Marekani, Philip Hench alimdunga kotisoni mgonjwa aliyelemazwa na baridi yabisi, na siku chache baadaye akatembea. Tuzo ya Nobel ikafuata mwaka 1950. Lakini dawa ilitengenezwa kwa nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya 30, na ilikuwa adimu mno. Ndipo wakemia wakageukia mimea. Mwaka 1951 Callow, Cornforth na Spensley wa London walitangaza kwamba taka za mkonge zina hekojenini, na kampuni ya Glaxo ikatumia mkonge wa Afrika Mashariki kutengenezea kotisoni. Yale maji ya kumwagwa yakawa mali.

Kwa nini homoni ya tezi hizo ina uzito kwa mgonjwa mahututi? Mtu mwenye afya, kotisoli yake, pacha wa kotisoni mwilini, hupanda alfajiri na kushuka usiku. Virusi vikimlemea, hubaki juu usiku na mchana. Mwaka 2013 watafiti wa Ubelgiji walionyesha kwamba tezi si chanzo pekee: mwili pia huchelewa kuivunja. Mwaka 2020, kati ya wagonjwa 403 wa UVIKO-19 waliopimwa London, waliokuwa na kotisoli ya juu sana ndio waliokufa mapema zaidi. Mtu angeweza kudhani homoni ndiyo muuaji. Sivyo, ni kilio cha mwili uliozidiwa.

Tarehe 16 Juni mwaka huohuo, jaribio la RECOVERY la Uingereza likatoa jibu: deksamethasoni, dawa ya ukoo wa kotisoni, ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa waliopumuliwa kwa mashine, na kwa moja ya tano miongoni mwa waliopewa oksijeni tu. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida. Huenda kinga yao ilikuwa bado inapigana na virusi, na dawa hii huituliza kinga.

Dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu duniani tangu 1977, na bei yake ni ndogo. Kwa nyanda zilizobeba kambi za wakimbizi kama Nyarugusu, iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996, na Nduta ya Kibondo, hiyo ni neema kubwa. Mjukuu wa manamba akilazwa huko akihema kwa shida, sindano atakayochomwa ni ya ukoo uliowahi kulishwa na maji yaliyomwasha babu yake mikono.