Uwanja wa Mkunazini na Jikoni Mwetu

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu Waislamu, kila mji mkongwe una uwanja wake wa katikati. Wagiriki wa kale walikuwa na wao Athens, wakikutana humo kufanya biashara na kusemezana. Na humo humo watu waliuzwa. Unguja nao walikuwa na Mkunazini.

Afikaye Mkunazini leo hukuta kanisa kubwa la Anglikana, lililoanza kujengwa 1873 wakati wa Edward Steere. Kando yake mna shimo lenye sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni. Hapo ndipo lilipokuwa soko la watumwa. Wengi waliosimamishwa hapo walitoka bara, pande za Ziwa Nyasa na Manyema. Misafara ya Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, kusini ya kwetu hapa Mungaa, ikishukia Bagamoyo.

Wapo wasemao: sheria yetu iliukuta utumwa wala haikuukataza, basi lawama iko wapi? Na tuijibu hoja hiyo kwa sheria ile ile. Asili ya mwanadamu ni uhuru. Qurani imeweka fungu la zaka kwa ajili ya kukomboa watumwa (Sura ya 9, aya ya 60), na Sayyidna Abubakar alimnunua Bilal akamwacha huru. Je, mtoto aliyenyakuliwa kisimani, au aliyebadilishwa kwa doti za kitambaa, alitekwa katika jihadi gani? Huyo alikuwa mtu huru.

Ni kweli kwamba Wafaransa nao walinunua watu Kilwa, na machifu wa bara waliuza. Lakini dhambi ya jirani haifuti yako. Na jambo la kutusikitisha ni hili: Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko tarehe 5 Juni 1873 kwa kutishwa na manowari za Waingereza. Hata hivyo utumwa uliendelea majumbani Unguja hadi sheria ya 1897, na Tanganyika hadi 1922. Kitabu kilikuwa mikononi mwetu muda wote huo.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atakuwa hasimu wa watu watatu. Mmoja ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Mwingine ni aliyemwajiri mtu, akamaliza kazi yake, asimpe ujira wake. Tazameni jinsi wawili hao walivyowekwa safu moja.

Basi ewe mama, ewe baba mwenye nyumba pwani: binti aliyetoka bara, pengine huku kwetu Singida, anayekupikia na kukulelea wanao, umemlipa mwezi huu? Anakula mlacho? Analala wapi? Anaitwa kwa jina lake? Soko la Mkunazini limefungwa zamani. Tuangalie lisifunguliwe jikoni mwetu.

Wabillahi tawfiq.