Siku Moja ya Trauti: Safari za Uvuvi kutoka Nairobi

Trauti si samaki wa asili wa Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 hakuwepo hata mmoja katika mito inayoshuka kutoka safu ya Nyandarua, ambayo ramani za wakoloni ziliiita Aberdare, wala katika ile ya Mlima Kenya. Maji yalikuwa baridi, ya kasi na yenye mawe mengi, na sehemu za juu zilikuwa na samaki wachache tena wadogo. Wakikuyu walioishi kwenye matuta ya chini hawakuitegemea mito hiyo kwa kitoweo, kwa kuwa mila zao hazikuruhusu kula samaki. Mvuvi wa kwanza aliyetoka Nairobi kwenda kutafuta trauti alikuwa anamfuata samaki aliyewekwa huko kwa ajili yake.

Ufundi wa kumhamisha ulikuwa umeshajaribiwa kwingine. Mwaka 1864 meli iliyoitwa Norfolk ilifikisha Tasmania mayai ya samoni na trauti kutoka Uingereza, yamepangwa kwenye masanduku ya kuvumwani mbichi katikati ya barafu. Baridi huchelewesha yai kuanguliwa, na kuvumwani hulipa unyevu bila kulinyima hewa. Njia hiyo ilimfikisha trauti New Zealand, na kabla ya karne ya 19 kumalizika alikuwa ameshafika Afrika Kusini. Kila palipokuwa na milima yenye baridi na Waingereza wenye nafasi, mayai yalifuata.

Kwa Kenya sifa hupewa Ewart Grogan, mlowezi aliyekwisha kujipatia jina kwa safari yake ya kutoka Cape hadi Cairo. Mwaka 1905 aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Uskoti. Yalipita Mombasa, yakapanda reli hadi Naivasha, na kutoka hapo inasimuliwa kwamba wapagazi waliyabeba kuvuka mlima hadi mto Gura, upande wa mashariki. Huo ulikuwa mzigo mgumu kuliko meno ya tembo: ukipata joto mayai yanakufa, ukitikiswa sana yanakufa, na njia ilipita kwenye mianzi na matope. Masimulizi ya walowezi yametunza jina la Grogan bila majina ya wapagazi. Grogan ndiye huyohuyo aliyewachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907, jambo ambalo vitabu vya uvuvi havina haja ya kulitaja.

Trauti wa upinde wa mvua, anayetambulika kwa mstari wa waridi ubavuni, aliletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1910. Katika miongo iliyofuata vifaranga vilihamishwa kutoka mto hadi mto, vikapelekwa hata kwenye maziwa madogo ya Mlima Kenya kama Rutundu na Alice. Mwinuko ndio ulioamua wapi angeishi. Trauti hutaka maji baridi yenye oksijeni nyingi, na karibu na ikweta maji ya namna hiyo hupatikana kuanzia takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mto uleule uliojaa trauti msituni huwa hauna hata mmoja ukifika kwenye mashamba ya kahawa. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilijenga kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri, cha kuzalisha vifaranga vya trauti, sambamba na kile cha Sagana kilichoshughulika na samaki wa maji ya joto.

Nairobi yenyewe ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na kwa muda mrefu kwenda kuvua mlimani kulikuwa kazi ya siku kadhaa, kwa farasi, mahema na wabeba mizigo. Gari ndilo lililoigeuza kuwa safari ya kwenda na kurudi. Hata hivyo si mito yote iliyofikika kwa siku moja. Iliyokuwa karibu ilikuwa ya kusini mwa Nyandarua: Gatamaiyu, Kimakia, na vyanzo vya Thika na Chania. Huko zikawekwa kambi za wavuvi zenye vibanda vya kawaida ndani ya msitu wa serikali. Mtu aliondoka mjini alfajiri, akavua asubuhi, akala chakula alichobeba, akarudi kabla ya giza. Kwa mito ya mbali alilala. Ndiyo maana hoteli ya Outspan ilipofunguliwa Nyeri mwaka 1928, na reli ilipofika Nanyuki mwaka 1930, wavuvi wakawa miongoni mwa wageni wa kutegemewa. Embu hadi leo ina hoteli yenye jina la Izaak Walton, Mwingereza aliyetoa kitabu cha uvuvi mwaka 1653 na ambaye hakupata kuuona mto wowote wa Afrika.

Mpango wa siku ulianza na leseni. Sheria iliweka urefu wa chini wa samaki wa kubeba na idadi ya kuvua, na katika mito ya trauti iliruhusu chambo bandia cha manyoya peke yake. Mnyoo na wavu vilikatazwa. Kanuni hizo zililinda samaki, lakini pia zilichora mstari kati ya watu. Mzungu mwenye ufito na leseni alikuwa mwanamichezo, na kijana wa kijijini mwenye mshipi na mnyoo alikuwa mwizi wa samaki, ingawa mto ulipita chini ya shamba la baba yake.

Baada ya leseni ilifuata kalenda ya mvua. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hujaza mito tope, na samaki hawaoni chambo. Miezi ya Januari na Februari, na ile ya katikati ya mwaka, ndiyo iliyopendwa. Kingo za mito hii zimefunikwa na vichaka, hivyo madaha ya kurusha mshipi mrefu hayana nafasi. Mvuvi huingia majini, hupanda dhidi ya mkondo akiwa ameinama, na hutupa mshipi mfupi nyuma ya jiwe, mahali maji yanapopumzika. Chambo kilichozaliwa kwenye mazingira haya huitwa Kenya Bug: ndoano ndogo iliyozungushiwa nyuzi na nyoya jeusi, isiyofanana na mdudu yeyote kwa usahihi, lakini inayoweza kuwa yoyote kati ya wengi. Kazi ya kufunga vyambo hivyo ilikua hadi kuwa biashara ya kuuza nje. Kenya leo ni mmoja wa wauzaji wakubwa wa vyambo vya manyoya duniani, na sehemu kubwa ya mafundi wake ni wanawake.

Jambo la tatu katika mpango lilikuwa mwongozaji. Kwa lugha ya walowezi alikuwa boi: alibeba kikapu na wavu wa mkono, akatangulia kukagua kama kuna nyati kichakani, akaonyesha pa kuvukia. Ujuzi wa mto ulikuwa wake, na ujira ulikuwa mdogo.

Msimu mashuhuri kuliko yote ni ule wa Februari 1952. Binti mfalme Elizabeth na mumewe walifikia Sagana Lodge, nyumba waliyopewa na koloni kama zawadi ya harusi, kando ya mto wenye trauti. Walikuwa wamerudi hapo kutoka hoteli ya Treetops tarehe 6 Februari habari ya kifo cha Mfalme George wa Sita ilipowafikia. Oktoba mwaka huohuo ilitangazwa hali ya hatari, na muda si mrefu msitu wa Nyandarua ukawa eneo lililopigwa marufuku, ngome ya wapiganaji wa Mau Mau. Mtu hakuweza kwenda Gura na kikapu cha chakula cha mchana.

Baada ya uhuru wa 1963 kambi nyingi zilibaki, lakini wateja walipungua na vibanda vikachakaa. Ukataji wa misitu, mifereji ya umwagiliaji na uvuvi wa magendo viliathiri mito ya chini zaidi. Uzio wa umeme wa takriban kilomita 400 kuzunguka Nyandarua, uliokamilika mwaka 2009, ulisaidia kuulinda msitu unaohifadhi vyanzo vya mito hiyo. Anayepanga safari leo hulipa kiingilio cha hifadhi mbali na leseni ya uvuvi, huhitaji gari linalomudu matope, na ndani ya hifadhi hutembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya tembo na nyati. Mwongozaji sasa hujadiliana bei na mgeni mwenyewe. Wasiopenda kuloa hununua trauti wa mabwawa kutoka Timau na Nanyuki, wanaofugwa kwa maji ya Mlima Kenya na kupelekwa Nairobi kwenye barafu.