Upatanisho: Nani Alilipwa?

Kila Ijumaa Kuu, Korogwe husikia maneno matatu yakihubiriwa kama ndugu wa tumbo moja: upatanisho, fidia na kafara. Utayasikia kwa Waanglikana, ambao dayosisi yao ya Tanga ina makao yake hapa mjini, kwa Walutheri, kwa Wakatoliki na kwa Wapentekoste. Mhubiri huanza na moja, akahamia la pili, akamalizia na la tatu, na msikilizaji huondoka akiamini kwamba ameelezwa jambo moja tu: Yesu aliteswa ili Mungu aweze kutusamehe. Kwangu mimi kila neno kati ya hayo lina habari yake. Tukiyatenganisha, fundisho la wokovu kwa njia ya mateso linabaki na swali ambalo halijibiwi kwa kupaza sauti.

Istilahi rasmi ni upatanisho. Neno hilo limetokana na kitenzi pata, likapita kwenye patana, likafika kwenye patanisha. Watu hupatana bei sokoni Manundu, hupatana mpaka wa shamba, hupatana tena baada ya ugomvi wa mirathi. Mpatanishi ni yule anayewakalisha chini waliokosana. Katika baraza lolote la wazee, Msambaa, Mzigua au Mbondei anajua kazi ya mtu huyo: husikiliza pande zote, humtaka aliyekosa akiri, humwomba aliyekosewa aridhie, na mara nyingi mambo huishia kwenye chakula. Hapigwi yeye ili wagomvi wasikilizane. Ndani ya neno upatanisho hamna deni, hamna adhabu, hamna damu. Waingereza nao wana historia inayofanana na hii: William Tyndale, katika Agano Jipya alilolichapisha mwaka 1526, alitumia neno lililoundwa kwa maana ya kufanywa wamoja, na uzito wa adhabu ulipachikwa juu yake na mafundisho ya baadaye.

Sasa tazama kazi ya wafasiri wa Union Version, Biblia ya mwaka 1952 ambayo bado ndiyo inayosomwa na wengi hapa kwetu. Walikabiliwa na koo mbili za maneno ya Kigiriki. Ukoo wa kwanza, wa katallage, unahusu urafiki uliovunjika na kurudishwa. Huo ndio unaotumika katika Warumi 5:11 na 2 Wakorintho 5, na wakauita upatanisho, sawasawa kabisa. Ukoo wa pili ni wa hilasterion, nao ndio uliowatoa jasho. Katika Warumi 3:25 wakatumia tena upatanisho. Katika Waebrania 9:5, neno lile lile la Kigiriki wakaliita kiti cha rehema, maana ndicho kifuniko cha sanduku la agano. Katika 1 Yohana 2:2 wakaunda kipatanisho, kwa ki- ya chombo. Katika Waebrania 2:17 wakaandika suluhu. Na katika Luka 18:13, pale mtoza ushuru anapojipiga kifua hekaluni, wakampa maneno ya Kiswahili cha pwani: kuwiwa radhi.

Upatanisho, kiti cha rehema, kipatanisho, suluhu, radhi. Mtu anaweza kuwalaumu wafasiri kwa kutoshika neno moja, lakini mimi nawashukuru, maana kuhangaika kwao kumetuachia ushahidi. Kati ya maneno hayo matano hakuna hata moja lenye maana ya kuadhibiwa badala ya mwingine. Na yule mtoza ushuru wa Luka hatajwi kuwa na mnyama wa kuchinja. Aliomba radhi, na Yesu mwenyewe akasema kwamba alirudi nyumbani amehesabiwa haki. Kisa hicho kilisimuliwa kabla ya msalaba.

Kafara ni neno jingine kabisa, na hapa inafaa tukae kidogo. Tumelipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni jamaa wa kitenzi cha Kiebrania kipper, ambacho ndicho kinachotafsiriwa kufanya upatanisho katika Mambo ya Walawi. Kwa hiyo kwa nasaba, kafara lilikuwa na haki zote za kuwa istilahi yetu. Jirani yangu Mwislamu akivunja kiapo, Kurani katika sura ya Al-Maida inamwelekeza kafara yake: alishe maskini kumi, au awavishe, au amwache huru mtumwa, asipoweza, afunge siku tatu. Hakuna damu hapo. Kosa linafutwa kwa kumshibisha mwenye njaa na kumfungua aliyefungwa.

Katika mdomo wa mitaani neno hilo limechukua njia nyingine. Kafara ilikuja kuwa chakula au mnyama anayetupwa njia panda ili balaa limpite mwenyewe limkute mwingine. Leo limekuwa baya zaidi: fulani amemtoa mzazi wake kafara ili biashara isimame, fulani kamtoa mtoto. Nchi hii imewazika ndugu zetu wenye ualbino waliouawa kwa imani ya namna hiyo, kwamba kiungo cha asiye na hatia kinaweza kumnunulia mwingine baraka. Mhubiri anayesema mbele ya vijana wa leo kwamba Mungu alimtoa Mwanawe kafara hajui anachokiwasha vichwani mwao. Mungu anasimama mahali pa yule tajiri wa hadithi za kutisha.

Tuna pia mbuzi wa kafara, ambaye magazeti humtaja kila kocha anapofukuzwa kwa makosa ya timu nzima. Watu wengi hudhani mbuzi huyo wa Walawi 16 alichinjwa. Rudi ukaisome sura. Mbuzi walikuwa wawili. Aliyechinjwa hakuwekewa dhambi za watu. Aliyewekewa dhambi, kwa kuhani kumwekea mikono kichwani na kuyaungama makosa ya taifa, alipelekwa jangwani kwa Azazeli akiwa hai. Mchukua dhambi hakuuawa. Na sura ya 5 ya kitabu hicho hicho inamruhusu maskini asiyeweza hata hua wawili alete sehemu ya kumi ya efa ya unga, na kuhani anamfanyia upatanisho kwa unga huo, naye anasamehewa. Mwandishi wa Waebrania aliijua sheria hiyo, ndiyo maana aliposema habari ya kusafishwa kwa damu aliweka neno la kupunguza makali: karibu vitu vyote. Wahubiri wengi hulimeza neno karibu. Tena katika torati yote hakuna mahali mateso ya mnyama yanapohesabiwa kuwa na thamani. Kuchinja kulikuwa kwa haraka, na katika sadaka za amani nyama ililiwa na waliokuja kuabudu. Watu wa Usambara hawashangai wakisikia hilo, maana wakubwa wao walipozungumza juu ya kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, walikuwa wanatafuta mvua, mavuno na amani ya ukoo. Maumivu ya mnyama hayakuwa shabaha.

Tukija kwenye fidia, Korogwe na Handeni wana elimu ya kutosha kuwafundisha wanateolojia. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linapita katika wilaya zetu, na waguswa wa mradi wanaijua fidia kwa undani. Anakuja mthamini, anahesabu minazi, miembe na kuta, jina linaandikwa, mlipaji anajulikana, mlipwaji anajulikana, kilichopotea kinajulikana. Fidia bila mlipwaji ni maneno matupu. Kwa hiyo mtu anaposoma katika Marko 10:45 kwamba Mwana wa Adamu alikuja kuutoa uhai wake uwe fidia ya wengi, ana haki ya kuuliza: nani alilipwa?

Swali hilo ni la kale kuliko madhehebu yetu yote. Origen wa Aleksandria, katika karne ya 3, alifikiri malipo yalimwendea Ibilisi, aliyekuwa amewashika wanadamu. Gregory wa Nazianzus, karne iliyofuata, alikataa: ni aibu kusema mnyang'anyi amelipwa, na vilevile haielekei Baba afurahie damu ya Mwanawe, ilhali hakutaka hata Isaka achinjwe. Mwaka 1098 Anselm wa Canterbury akaja na jibu jipya katika kitabu Cur Deus Homo. Kwake dhambi ilikuwa heshima ya Mungu iliyovunjwa, kama vile mtwana anavyomvunjia heshima bwana wake, na heshima hiyo lazima irudishwe. Muda si mrefu Peter Abelard akampinga, akiona ni ukatili kudai damu ya asiye na kosa. Karne ya 16 John Calvin, aliyesomea sheria, akaihamisha hoja mahakamani: heshima ikageuka hukumu, na Kristo akawa mwenye kubeba adhabu yetu. Jibu linalohubiriwa Korogwe kama injili tupu lilitoka, basi, katika baraza la mabwana wa Ulaya na mahakama za Ulaya, na lina umri wa nusu tu ya Ukristo.

Wazigua wangeweza kuwasaidia watu hao. Katika njaa za karne ya 19 ndugu waliwekwa rehani wapate kula wengine, na wengine walivushwa bahari hadi Somalia, ambako wajukuu zao waliendelea kusema Kizigua. Baadhi yao walirudi wakikimbia vita, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Kwa watu wa namna hiyo kukomboa ni neno lenye machozi. Lakini aliyekwenda kumkomboa dada yake hakumsifu aliyemshika. Alitoa mali kwa sababu mbele yake alisimama mkorofi mwenye nguvu. Tukisema Mungu ndiye aliyepokea malipo, tumemweka kwenye kiti cha yule mshika mateka. Maneno fidia na ukombozi hubeba kweli kubwa yakihubiri kwamba Yesu aliingia gharama kututoa mikononi mwa uovu. Yakipewa mlipwaji, yanaharibika.

Najua yatakayojibiwa. Isaya 53 ipo, na mtumishi wa Bwana anajeruhiwa kwa makosa ya wengine. Naam. Nani alimjeruhi? Wanaosimulia sura hiyo wanakiri kwamba wao ndio walimdhania vibaya, wakafikiri amepigwa na Mungu. Ni kweli pia sura hiyo ina mstari mgumu unaosema Bwana aliridhika kumchubua, na sidai kuumaliza hapa. Lakini Yesu mara mbili, katika Mathayo 9 na 12, aliwarudisha waliomshitaki kwenye Hosea 6:6, ambako Mungu anachagua rehema na kuikataa sadaka. Kama yeye mwenyewe ndiye mfasiri wetu, tuanzie kwake.

Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Sultani Barghash alilifunga soko hilo mwaka 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa Krismasi ya mwaka huo huo. Kwa mapokeo, altare yake iko pale ulipokuwa mti wa kuwapigia watumwa. Sijasikia mtu yeyote mle ndani akifundisha kwamba mijeledi ile ilinunua kitu. Ilikuwa jinai. Altare iliwekwa pale kusema kwamba Mungu alikuwa upande wa aliyepigwa. Msalaba nao ulikuwa jinai, iliyofanywa na dola ya Kirumi kwa ushirikiano wa wakubwa wa dini. Mungu alimfufua aliyeuawa. Hapo ndipo naona wokovu.

Jambo hili lina matokeo majumbani. Fundisho likisema mateso ya asiye na hatia ndiyo yanayomridhisha Mungu, mwanamke anayepigwa ataambiwa abebe msalaba wake, na mfanyakazi wa mkonge asiyelipwa kwa wakati ataambiwa avumilie kama Bwana. Mwanateolojia Mmarekani mweusi Delores Williams aliliona hilo mwaka 1993 alipoandika juu ya wanawake wa jamii yake, waliobebeshwa mizigo ya wengine vizazi na vizazi, akakataa kuuita mzigo huo utakatifu. Kwetu, Mwalimu Nyerere, Mkatoliki, aliwaambia watawa wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 kwamba kanisa lisilopigana na umaskini na uonevu litaonekana kuwa mshirika wa uonevu huo. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Haifai dola iwe na rehema kuliko mimbari.

Ndugu mwalimu wa dini, katekista, mchungaji: neno upatanisho ni zuri, lishike na ulieleze kwa maana yake. Kafara liache. Ukisema fidia, usimtaje Mungu kama mpokeaji. Na mwanamke akikujia asubuhi na uvimbe usoni, usimfundishe faida ya mateso. Mpeleke hospitali, kisha umsindikize hadi dawati la jinsia na watoto la polisi.