Ute wa mwani unavyoyashika maji

Aiskrimu iuzwayo Muyeye, Malindi, huenda imefanywa nzito kwa karaginani, ute wa mwani kama ule unaolimwa Kibuyuni, Kwale, na huko Zanzibar.

Karaginani ni minyororo mirefu ya sukari. Maji ya moto huitawanya. Yakipoa, hujisokota kama kamba, ikashikana na kuwa wavu unaonasa maji. Ute wa mwani aina ya cottonii huganda ukawa mgumu, hasa penye potasiamu. Ule wa spinosum huwa laini: ukikorogwa hutiririka, ukitulia huganda tena.

Wanunuzi hulipa zaidi kwa cottonii, lakini joto la bahari huudhuru upesi. Hivyo wakulima wengi, aghalabu wanawake, hubaki na spinosum wenye bei duni.